Matone Mekundu kwenye Kanzu ya Mzee Mwinyihaji

Jumatatu, 6 Agosti 1973
Voi joto. Mzee Mwinyihaji ameleta kanzu yake nyeupe. Ndiye mwenye nyumba ambayo barazani pake nimeweka meza yangu ya pasi miaka sita. Ijumaa anamwoza binti yake, Mwanaesha. Akaniambia kwa upole, na upole wake ndio unaonitisha, kwamba Mulei ameliomba baraza hili. Ataiona kanzu kwanza, ndipo aamue.

Mulei! Dobi wa juzi tu, meza yake iko ng'ambo ya barabara. Amenunua bomba jipya la dawa ya mbu, analitia maji, ananyunyizia nguo. Anawaambia wateja wangu kwamba kwake nguo hazitemewi mate. Mimi hupuliza maji kwa mdomo, kama alivyonifundisha marehemu baba. Mate hayamo. Leo nimeshindwa hata kumaliza ugali.

Jumanne, 7 Agosti
Mpango umenijia nikioga. Bomba halina harufu. Mdomo unaweza kuwa nayo. Mzee anapenda tambuu kuliko chai. Nikitafuna tambuu yenye karafuu kisha nikapuliza, kanzu itanukia, naye atanikumbuka hata msikitini. Nikanunua kwa Bi Khamisa, muuza tambuu na manukato. Akaniuliza tangu lini Mdawida akatafuna tambuu. Nikamjibu biashara haina kabila.

Nikatafuna, nikatema, nikasukutua mara moja. Nilidhani mara moja inatosha. Nikajaza maji mdomoni, nikapuliza.

Matone ishirini na matatu. Mekundu. Kifuani. Nimeyahesabu mara mbili. Nimeikunja kanzu nikaikalia, Mulei asiione.

Jumatano, 8 Agosti
Nililifuta tone moja kwa kitambaa chenye maji. Kosa. Lilikuwa kama dengu, likawa kama kitumbua. Pamba haina siri: tone linashika uzi, linakimbia nao, na linapoishia linaacha ukingo mwekundu kuliko katikati. Nikaufuta ukingo. Ukingo ukahama.

Loise, mke wangu, akasema, Baba Mable, mwambie Mzee ukweli leo, siku mbili bado zipo. Nikamwambia mambo ya udobi aniachie mimi.

Nikaenda kumwomba Mwalimu Alexander chaki. Nimemwona akikaushia wino uliomwagika: anaigusisha tu, chaki inaufyonza. Nikalilowesha tone kwa ndimu, nikaiweka chaki juu yake. Wekundu ukapanda kwenye chaki! Nusura nimbusu mwalimu. Lakini baada ya vipande kumi na viwili, chaki ikaanza kutoka nyeupe vilevile. Matone mekundu yamekuwa matone ya kahawia. Bado ni ishirini na matatu.

Alhamisi, 9 Agosti
Kesho ndiyo arusi. Silali, sili, najikuna tu. Mpango mpya: kama madoa hayataki kuwa meupe, kanzu nayo isiwe nyeupe. Nitaitia rangi ya chai, iwe rangi ya maziwa. Waungwana wengi huvaa hivyo. Sufuria yetu ni ndogo, basi nikachovya pindo tu, kanzu nikaitundika kambani. Utambi wa taa si hunywa mafuta kutoka chini? Kanzu nayo itakunywa chai mpaka mabegani. Nikaenda kunyolewa nikiwa na amani.

Nilirudi baada ya saa mbili. Chai ilikuwa imepanda mpaka magotini, ikachoka. Chini kahawia, juu nyeupe, katikati mstari wa kupanda na kushuka kama vilima vya Taita ukivitazama kutoka stesheni. Nililia. Sioni haya kuandika.

Loise aliitungua kanzu kambani. Akachukua karai kubwa, akachemsha majani yote ya chai ya nyumbani, akaizamisha kanzu nzima kwa pamoja na kuigeuzageuza bila kupumzika.

Ijumaa, 10 Agosti
Kanzu imetoka rangi moja. Loise ameipiga pasi mwenyewe, akinyunyiza maji kwa vidole. Kisha akaipeleka kwa Mzee na kumweleza kila kitu, kuanzia tambuu. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya tangi la maji.

Akanirudia na habari. Mzee aliivaa, akajitazama kwenye kioo, akasema inampendeza. Baraza halitakwenda kwa Mulei. Kuanzia leo ni la mke wangu. Mimi naweza kubaki hapo ikiwa yeye ataridhia. Loise amesema atafikiria.

Jumamosi, 11 Agosti
Ameridhia. Sharti: nguo ya mtu nisiitie chochote ila maji. Nimeapa.

Lakini tuseme haki. Baraza limebaki nyumbani kwangu, na chanzo ni mpango wangu. Kasoro ilikuwa rangi tu. Tambuu ina rangi. Mafuta ya nazi yenye asumini, ya Bi Khamisa, ni meupe kama maji na yananukia mpaka sokoni.

Loise amekwenda Wundanyi kumwona mama yake. Shati jeupe la mchungaji liko mezani, la ibada ya kesho. Nimejaribu tone moja kwenye kola. Nguo imelinywa lote, juu hapakubaki kitu. Sasa naanza kifuani.