Kitana cha Mwalimu Mkadam

Kaeni kitako, enyi mliochoshwa na habari za masultani na ngome zao, mzime na redio; kwani leo anatajwa Mkadam bin Mmanga, Simba wa Chaki, Mlinzi wa Ubao Mmoja, aliyepigana mwaka wa 1969 katika darasa la kinamama wa mtaa wa Ng'ambo ili kuinua kipande cha karatasi kisichozidi ganda la choroko.

Chanzo cha vita kilikuwa ulimi wake. Alitangaza kwamba kila atomu ina kiini chenye chaji chanya, kilichozungukwa na elektroni, askari wadogo wa chaji hasi. Na kwamba kitana cha plastiki kikipitishwa nyweleni, askari hao hukihama kichwa, wakapanda kitana, wakavuta karatasi. Akakipitisha. Karatasi ikalala. Siku ya pili ikalala vilevile.

Ndipo Bi Kidawa, jemadari wa mkeka wa mbele, alipohutubu: "Mwalimu, sie tumeacha vyungu jikoni. Askari wako tushawangoja siku mbili. Alhamisi wasipotoka, nawachukua wenzangu wote twende kwa mwalimu wa cherehani, ambaye sindano yake tunaiona."

Mkadam alikwenda kwake akakikagua kitana, akakiona kinang'aa. Mafuta ya nazi! Adui alikuwa nyumbani, amekamuliwa kwa mkono wa mkewe, Mwanakheri, aliyempaka kichwani kila asubuhi. Na mume atokaye na kichwa kikavu huutangazia mtaa kwamba hana mke. Shujaa akaipima ndoa, akalipima darasa. Alhamisi akaosha nywele mara tatu kwa sabuni ya kufulia, akatokea mlango wa uani.

Darasa zima likakikodolea macho kichwa chake.

"Mwalimu," Bi Kidawa akauliza taratibu, "Mwanakheri kakwenda kwao lini?"

"Yupo nyumbani."

"Basi pole zaidi."

Mkadam akachana nywele mara ishirini, akakishusha kitana kama ashushaye upanga. Karatasi ikatetemeka, ikasimama kwa ncha moja, ikaruka, ikaganda kwenye kitana.

Bi Kidawa akakitwaa kitana, akakinusa. "Kumbe wamo. Lakini askari wanaoshindwa na mafuta ya nazi, mie siwapi mlango wangu kulinda. Haya, endelea na somo."

Hakwenda cherehani hata mmoja.

Habari ya kichwa kikavu, hata hivyo, ilikuwa na miguu myepesi kuliko elektroni. Kabla ubao haujafutwa, Mwanakheri alisimama mlangoni na chupa mkononi.

"Inama," akasema.

Mshindi wa atomu akainama mbele ya jeshi lake lote. Hivyo ndivyo elimu ya chaji ilivyoingia Ng'ambo kupitia kichwa kimoja kikavu. Na siku hiyohiyo ikarudi nyumbani ikinukia nazi.