Bata wa Gertrude na Bunduki Inayojipakia

Jumatatu, 5 Novemba 1973

Nechells nzima, mtaa wetu hapa Birmingham, inalipuka. Waingereza na fataki zao, kila mwaka tarehe hii, hata mvua ikinyesha. Nimefunga dirisha. Nina mambo mazito ya kufikiria.

Jana baada ya maombi nyumbani kwa shemeji Cleopas nilisimama nikatangaza. Mke wangu Gertrude amefaulu mitihani ya unesi. Jumapili ya tarehe kumi na nane tutamfanyia karamu. Na nyama, nikasema, itakuwa ya bata mwitu nitakaowapiga mimi mwenyewe! Makofi. Gertrude hakupiga. Alinitazama kama anavyomtazama mgonjwa anayekataa sindano.

Cleopas, kaka yake, akasema kwa upole kwamba ataagiza kuku, kwa tahadhari tu. Tahadhari ya nini? Tangu nimuoe dada yake, mtu huyu ananiwekea akiba ya aibu. Nikamwambia kuku wake awaache wazeeke.

Mahali pa kuwinda papo. Charanjit, fundi mitambo wa kiwanda chetu cha vitasa pale Saltley, ana ruhusa ya kuwinda kwenye mabwawa ya mkulima mmoja karibu na Tamworth. Ni mtu wa Naivasha, alipiga bata ziwani kule tangu ujana. Amekubali kunichukua. Kibali cha polisi ninacho. Kilichobaki ni bunduki tu. Jambo dogo.

Jumatano, 7 Novemba

Charanjit ametaka kuniazima bunduki yake ya pili. Ya mitutu miwili, kitako kimeng'aa kwa kushikwa. Akaniambia wakati wa chai: "Bwana Fanuel, hii haina maneno mengi. Risasi mbili, unafikiri kidogo, halafu mbili tena."

Nimekataa. Mimi si mtu wa kuazimwa! Tena nimesoma maktaba. Siku hizi kuna otomatiki: unafyatua, yenyewe inatema ganda, yenyewe inajipakia, unafyatua tena. Kazi yako ni kulenga. Kwa nini nifikiri katikati? Bata hafikiri.

Charanjit akasema otomatiki nzuri ni ghali, na ile ya bei ya chini hununa. Halafu akauliza nyundo naishika kwa mkono upi. Wa kushoto, nikasema. Akatikisa kichwa. Bunduki hizo hutupia ganda kulia, litanipita mbele ya uso.

Nikamjibu kwamba uso ni wangu.

Jumamosi, 10 Novemba

Siku nzima mjini, kwenye mitaa ya mafundi bunduki.

Duka la kwanza lina zulia. Muuzaji aliuliza nimetumwa na nani. Nimejituma! Nikaomba otomatiki. Akaeleza, kwa adabu ya kuumiza, kwamba bunduki ya muungwana ina mitutu miwili, na kwamba nikionekana na otomatiki nitatazamwa vibaya. Nikamwambia nimetazamwa vibaya nchi hii miaka sita bila bunduki yoyote, kwa hiyo hakuna hasara. Nikatoka nikiwa nimenyoosha mgongo. Mlango ulikuwa wa kuvuta, mimi nikausukuma. Lakini niliusukuma kwa heshima.

Duka la pili ni la mtu mwema. Alinieleza yote: niijaribu begani, niulize kama vipuri vinapatikana, nihakikishe inatema hata risasi hafifu. Nilisikiliza kwa makini sana. Aliponitajia bei nikakumbuka nina miadi.

Duka la tatu liko uani, nyuma ya karakana. Mzee mmoja, jiko la makaa, na pembeni yake imesimama otomatiki. Maandishi ya ubavuni yana herufi nisizozijua. Yeye pia hazijui. Kitako kimezungushiwa waya wa shaba, nadhani ni urembo. Vipuri? Mzee akacheka, akasema mwenye bunduki hii hajawahi kurudi kuuliza vipuri. Ushahidi gani mkubwa kuliko huo?

Nimenunua! Bei yake haifikii hata bei ya koti. Akaniongezea na boksi la risasi zilizowahi kulowa, lakini zimeshakauka.

Jumatatu, 12 Novemba

Maagizo ya maktaba: bunduki mpya ifunguliwe na isafishwe. Nimeifungua mezani. Nimeifunga. Imebaki springi moja.

Nimetikisa bunduki. Hailii. Basi springi haikuhitajika. Bunduki nyepesi ndiyo bunduki.

Nikafanya mazoezi ya kulenga sebuleni, bila risasi. Kivuli cha taa kimeanguka. Gertrude akatoka jikoni, akasema, "Baba Jemima, azima ya Charanjit." Nilimweleza kwamba wanaume wote wakubwa walipingwa nyumbani kwanza. Akauliza nani atanunua kivuli kingine.

Jumamosi, 17 Novemba

Naandika na plasta puani.

Tulifika bwawani alfajiri. Baridi ya kupasua kucha. Charanjit akatandaza majini bata wake wa mbao, wa kuwadanganya bata wa kweli washuke. Wengi aliwachonga mwenyewe. Mmoja, mkubwa, rangi imefifia, alichongwa Naivasha na marehemu baba yake, akasafiri hadi Birmingham ndani ya sanduku katikati ya mablanketi. Charanjit alimshusha majini kwa mikono miwili, kama anayelaza mtoto.

Kundi la kwanza likaja. Nikafyatua. Bunduki ikalia mara moja, ganda likatoka nusu, likakwama mlangoni kama mgeni asiyejua kuaga. Nilipolichomoa kwa kisu, bata walikuwa Wales. Charanjit, pu! pu! Bata wawili.

Kundi la pili, vilevile. La tatu, bunduki haikulia kabisa, ilikohoa tu. Charanjit alikuwa na bata wanne. Akaninyooshea bunduki yake. "Shika hii, ndugu yangu. Mimi ninywe chai."

Nikakataa! Nikasema nitashinda na yangu au nitashindwa na yangu. Nikaipiga kitako ngumi.

Basi ikaamka. Bata walikuwa wanashuka, chini kabisa, juu ya maji. Pa! Pa! Pa! Ganda la kwanza likaniunguza pua. La tatu likatumbukia kwenye kikombe cha Charanjit. Lakini niliona kwa macho yangu: bata watatu wametikisika na kupinduka! Nikapiga kelele, nikaruka, nikaanguka topeni.

Bata wengine waliruka wakaenda zao. Watatu wangu walibaki wanaelea. Vizuri mno. Bila damu.

Charanjit aliingia majini na mabuti yake marefu, akarudi amempakata bata wa baba yake. Hana kichwa. Akamfuta kwa leso, polepole, huku na huku. Nikamwambia nitamgandisha kwa gundi. Akajibu, "Gundi itashika mbao, bwana Fanuel." Kisha akaendesha gari hadi Saltley, na mimi nikatazama dirishani.

Hata hivyo, lazima isemwe: marisau, zile chembe za ndani ya risasi, yalitua pamoja barabara. Kwa bunduki ya bei ile!

Jumapili, 18 Novemba

Siku ya karamu. Asubuhi nilikimbilia Alum Rock Road kutafuta bata wa duka. Bucha zimefungwa. Nchi ya Kikristo inapoamua kunikomoa!

Nilikuwa nimejificha bafuni niliposikia hodi. Charanjit na mkewe Lakhbir. Wameleta bata wanne, wameshanyonyolewa. Akamkabidhi Gertrude, akasema, "Hongera, sista." Jikoni kuku wa Cleopas walikuwa tayari. Hakuwahi kufuta oda yao.

Nikasimama kuhutubia. Nikasema, ndugu zangu, tumewapiga! Kiswahili ni lugha ya ukarimu. Hiyo "tu" inabeba watu wengi.

Cleopas akauma kitu kigumu. Akatoa chembe moja ya marisau kwenye ulimi, akaiinua kwenye mwanga, akauliza, "Shemeji, hii ni ya nani?" Nikajibu bila kupepesa kwamba ni yangu. Charanjit aliinua macho juu ya sahani, akanitazama, akaendelea kula.

Kisha Gertrude akasimama, mzuri kuliko wote, na kofia yake mpya ya unesi kichwani. Akamshukuru Charanjit kwa bata. Akamshukuru kaka yake kwa kuku. "Na namshukuru mume wangu," akasema, "kwa kurudi mzima." Nyumba ikaanguka kwa kicheko. Nikacheka pia. Pua iliuma, lakini mkono wake ulikuwa begani mwangu.

Jumamosi, 24 Novemba

Kichwa cha bata wa mbao nimekibandika. Kimeshika sana, ila kinatazama mkiani. Charanjit alimgeuzageuza mkononi. Akacheka, mara ya kwanza wiki nzima. Akasema ni vizuri, sasa bata huyo ataniona nikija kwa nyuma.

Gertrude ameamuru bunduki irudi ilikotoka. Amri ni amri. Nimeipeleka leo uani kwa yule mzee, kichwa juu. Nimemwambia ukweli wote: inakwama, inakohoa, inaunguza pua. Hakubisha hata kidogo. Mtu mwaminifu! Akaingia ndani, akatoka na otomatiki nyingine, ndefu zaidi, akafuta vumbi kwa mkono wa sweta. Akasema tubadilishane tu. Akaapa kwamba hii haijakwama hata mara moja.

Sikuwa mjinga. Nikamuuliza imeshafyatuliwa mara ngapi.

Akasema bado.

Nikaichukua.