Mikro za Gitaa Zinazosema Tshiluba

Kolwezi, Jumatano

Kwa Mwananchi Bilali Amadi,
Muuzaji wa redio na vyombo vya muziki, karibu na gare ya treni

Tata Bilali,

Nakusalimu kwa heshima zote, wewe na nyumba yako. Najua mizigo unayoleta kutoka Dilolo, kule mpakani, inakuchosha, lakini vumilia unisome hadi mwisho, kwa sababu ndoa yangu iko mikononi mwako.

Unakumbuka mikro za gitaa langu, vile visanduku viwili vya sumaku na waya wa shaba vinavyokaa chini ya nyuzi, zilikufa kwa kumwagiwa pombe. Tunaishi katika jimbo linaloitwa Shaba, tunatembea juu ya shaba, na waya mwembamba kama unywele ilibidi utoke ng'ambo. Hilo nilikusamehe. Ukaniwekea mezani jozi mbili: nyeusi, zenye sauti ya mtu aliyejaza ugali wa bukari mdomoni, na nyeupe, zenye sauti safi. Ukasema, "Kamata izi za mweupe, tata. Ata mutu wa kule Nzilo atasikia muzuri." Nikakuamini. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mikro zako zinasema Tshiluba. Sisi watu wa Kasai lugha yetu hii inapanda na kushuka, na neno hubadili maana kwa sauti tu, na sikio letu likikuta wimbo linautafutia maneno. Wimbo wangu wa kufungulia dansi nimeupiga miaka yote kwa zile mikro za zamani zenye sauti ya ukungu, na hakuna aliyeusikia ukisema kitu. Jumamosi, kwenye harusi ya shemeji yangu, niliupiga kwa nyeupe. Mama mkwe wangu, Mama Mianda, akasimama katikati ya watu: "Iyi gitare inasema mi niko muchoyo wa samaki." Mama wazee wa meza yake wakaitikia kwa kichwa. Nao walisikia samaki.

2. Siwezi kujitetea. Kwetu mwanamume hamkaribii mama wa mke wake. Nikimwona njiani nahama barabara, na hatujawahi kuzungumza tangu nimwoe binti yake. Kwa hiyo nilivuta waya, nikaweka ampli, lile sanduku la kukuzia sauti, nyuma ya ua wake, nikaomba msamaha kwa gitaa, polepole na kwa adabu. Alichosikia ni kwamba nadai nirudishiwe mbuzi wa mahari. Mke wangu Tshilombo akafunga nguo zake akaenda kwa mama yake.

3. Majirani sasa wanakuja kuliuliza gitaa habari. Mama mmoja alitaka kujua nani kachukua sufuria yake. Mimi nilikuwa nakaza uzi tu. Akasikiliza, akashukuru, akaenda moja kwa moja kwa jirani yetu Mukendi. Ubaya zaidi, sufuria ilikuwa huko.

4. Kiongozi wa mtaa amekuja kuuliza gitaa linasema nini juu ya Chama. Kila mtu wa Zaïre ni mwanachama tangu kuzaliwa, lakini gitaa hili lilizaliwa nje, na sina karatasi yake yoyote.

Lawama ni yako, Tata. Ulizijaribu dukani kwa sikio la Kiswahili, na Kiswahili hakijali sauti ikipanda au ikishuka. Uliposema zinalia vizuri hukujua zinamsema nani. Naomba basi uchukue nyeupe, unipe nyeusi. Kama nyeusi zimeuzwa, leta kutoka Dilolo zozote, hata zenye kutu, mradi ziwe bubu. Gitaa la mwanamume aliyeoa lilie tu, lisiseme.

Nisalimie Mama Sikudhani, watoto, wapakiaji wote, na hata yule dereva wako anayesinzia. Ni mimi ninayekungoja na bisibisi mkononi,

Badibanga, mpiga solo

Nyongeza: Usibadilishe kitu. Nilikuwa sijafunga bahasha, Tshilombo akaingia na nguo zake na ujumbe wa mama yake. Nauandika kama ulivyofika: "Umwambie arudie kupiga ku nyuma ya lupango yangu. Miaka yote mukwe wangu hajanisemesha ata neno. Ata kama ni matusi, ni mi anasemesha." Nabeba ampli sasa hivi. Nitafutie tu waya mrefu zaidi, ili nifike karibu na dirisha lake.