Labda Iliyobaki Mdomoni mwa Heri

Redio ilipotangaza kwamba Ijumaa mhandisi Mwingereza atarudi kukagua mawe ya daraja kwenye njia ya kwenda Wamaza, Heri aliunguza ulimi kwa kahawa ya Émérance, mama muuza kahawa. Kwenye benchi la wateja wake, mkabala na kituo cha pikipiki cha Kasongo, hakuna kinachopita bila kuulizwa, sembuse ulimi wa mtu anayekula kwa ulimi wake.

Walimwita Diksionere, yaani Kamusi. Alikuwa dereva wa pikipiki aliyerudi na Kiingereza chake kutoka kambi ya wakimbizi Uganda, na wiki iliyopita kikampatia kazi ya ukalimani kwa mhandisi huyo, mwezi wa majaribio. Wa kwanza kumgeukia alikuwa Amuri, jina la kijiweni Senateri, yaani Seneta, kwa sababu amegombea kila uchaguzi na hajachaguliwa hata kuongoza timu ya mpira.

"Diksionere, ile mawe ni ya nani?"

Heri alijaribu kuzunguka, akaishiwa njia. Akakiri kwamba kule kijijini chifu aliuliza kama daraja litajengwa, na mhandisi akajibu kwa pumzi moja: perhaps, maybe, possibly, na mwishoni probably, ikiwa wanakijiji watarundika mawe kabla ya Ijumaa.

"Na wewe ulitafsiri namna gani?"

"Nilisema ndiyo."

"Ile yote?"

"Ile yote, hata ya mawe."

Mwalimu mstaafu François aliomba afafanuliwe maneno hayo moja moja, kwa kiu ya elimu alivyodai. Heri, jasho likimtoka, akaeleza kwamba possibly iko chini, maybe na perhaps ziko katikati, probably iko juu. Senateri alifurahi kupita kiasi.

"Kumbe mashaka ya Waingereza iko na vyeo kama jeshi. Possibly ni kaporali, probably ni kolonel. Sisi tuko na mashaka tangu uhuru, na hatujapandisha hata moja cheo."

François alisema ndiyo maana wagombea wa hapa huahidi barabara kwa Kifaransa safi bila perhaps hata moja, wasije wakaonekana washamba. Senateri, aliyekwisha kuiahidi barabara hiyo mara mbili, akajitia kukoroga sukari.

Émérance peke yake hakucheka. Aliuliza kwa nini Heri hakusema labda, neno ambalo hata mtoto analijua.

"Mama, walishachinja mbuzi," Heri alisema. "Mutu anakuwekea paja mbele, utamwambia labda?"

Hapo hakuna aliyemlaumu, maana hakuna aliyewahi kumjibu mgeni "sijui". Ni aibu kumwacha mtu aende mikono mitupu. Senateri mwenyewe, mwezi uliopita, alimwelekeza dereva wa lori njia ya Lusangi ambayo hajawahi kuikanyaga, na lori likaulizia Lusangi mpaka likatokea Nyangwe, mji mwingine kabisa.

Lakini Ijumaa ilikuwa keshokutwa. Bila mawe, mhandisi angehamia mto mwingine, kazi ya Heri ingeondoka naye, na wanakijiji wangeendelea kuvuka juu ya gogo lililokwisha kuwaangusha akina mama wawili na mchele wao. Heri alikuwa na hofu, na zaidi ya hofu alikuwa na aibu.

Akiwa bado anatazama kikombe chake, akasimama mbele yake Mama Dieudonnée, kiongozi wa akina mama wa kijiji kilekile, kikapu kitupu mkononi. Alikuwa ameleta mihogo sokoni na redio ameisikia hukohuko.

"Baba, mawe gani?"

Heri aliinuka, akasema yote, mpaka mbuzi. Kisha akangoja atukanwe.

"Ule mzungu, na mudomo yake mwenyewe, alisema labda?"

"Alisema labda, mama. Mara ine. Na mawe."

Uso wa Mama Dieudonnée ukachangamka.

"Basi hii iko ya kweli. Tangu niolewe nimesikia ndiyo ya lile daraja mara saba. Ya kwako ilikuwa ya nane. Mbuzi tulichinja kwa heshima tu. Lakini labda haijafika kwetu hata siku moja. Kwa labda, tutabeba mawe leo."

Heri, moyo umemtua, akakimbilia pikipiki yake na kufuta kiti kwa mkono wa shati.

"Panda, mama. Kabla ya saa sita nitakuwa nimekufikisha. Ndiyo. Ndiyo kabisa."

Mama Dieudonnée, kusikia ndiyo nyingine, alimtazama, akaitazama pikipiki. Akakaza kitenge, akajitwika kikapu kichwani, akaianza safari ya saa tatu kwa mguu.