Maporomoko ya Nusu Saa

Jumapili, 3 Machi
Shangazi Bollamma ametoa hukumu huku akimenya vitunguu. Wageni wa Alhamisi wakiondoka wameridhika, nyumba ya wageni naiendesha mimi. Wakinung'unika, anapewa binamu yangu Muthanna, nami nakwenda kufundisha shule ya msingi mjini Mysuru. Nina shahada ya uzamili ya falsafa. Sikuisomea kuimbisha alfabeti.

Jumatatu, 4 Machi
Wageni ni wanne, kutoka jiji la Bengaluru. Wanataka kuona maporomoko, kwa sababu niliyaweka kwenye tangazo. Sikutaja kwamba picha ilipigwa Agosti. Nimekwenda kuyakagua. Mwamba mkavu, na juu yake mbuzi. Muthanna aliniuliza kama kiingilio kinajumuisha mbuzi.

Jumatano, 6 Machi
Nimefikiri kwa utaratibu. Mwamba upo. Kinachokosekana ni maji tu. Na maji tunayo: bwawa zima juu ya kilima, maji yaliyowekwa tangu Novemba kwa ajili ya kunyunyizia mibuni ya kahawa ili itoe maua. Nitafungua mlango wa bwawa nusu saa. Bwawa ni kubwa, nusu saa ni ndogo.

Alhamisi, 7 Machi
Nimefanikiwa, kwa sehemu kubwa. Saa nne kamili maji yalishuka. Mama mmoja alitokwa machozi. Nilizungumza kidogo kuhusu wakati na mtiririko wake. Saa nne na nusu nilikwenda kufunga. Mlango una kutu: ulikubali kufunguka, kufungwa ukakataa. Maji yalishuka hadi jioni. Wageni waliandika kwenye kitabu kwamba maporomoko yetu hayachoki.

Ijumaa, 8 Machi
Wageni wameondoka wameridhika. Nimeshinda. Shangazi alitangaza kwamba kesho tunaanza kunyunyizia. Nilimshauri tungoje mvua, kwani asili ina hekima yake. Akasema, "Mwanangu, hiyo hekima haijawahi kulipa kibarua hata mmoja hapa." Akapanda kilimani. Bwawa alilikuta tupu. Muthanna alikuja baadaye kuniambia kwamba vyura wa bwawani wananisalimu, wanauliza maji yao yalikokwenda.

Jumapili, 10 Machi
Yamejulikana yalikokwenda. Jirani yetu wa bondeni, Bi Chinnavva, hajasemezana na Shangazi miaka sita kwa ajili ya mpaka wa shamba. Alhamisi aliona kijito kimejaa ghafla. Hakuuliza. Aliwasha pampu akanyunyizia mibuni yake yote.

Jumamosi, 16 Machi
Siku tisa tangu maji, kama kawaida ya mibuni. Shamba la Chinnavva ni jeupe tupu kwa maua. Harufu inafika jikoni kwetu. Letu ni kijani, na vitumba vya maua vimeanza kukauka. Wageni wetu wapya walitoka asubuhi kwenda kwake kupiga picha, wakala na chakula huko huko. Mchana Chinnavva alimpigia Shangazi simu kumshukuru. Akamletea na nyama ya nguruwe, kitoweo cha heshima kwetu. Shangazi hakuigusa.

Jumapili, 17 Machi
Muthanna amepewa funguo. Basi langu la Mysuru ni kesho saa moja. Shangazi hakugomba. Alinifungashia nguo mwenyewe, akazikunja vizuri, jambo lililoniumiza zaidi.
Nimejichunguza kwa uaminifu. Wazo lilikuwa sahihi. Lililoniponza ni chuma cha zamani. Mkuu wa shule ameniandikia barua ya kunikaribisha, na kwa bahati ametaja tangi jipya la maji juu ya paa. Uwanja wao, anasema, una mteremko.