Diski Iliyotwangwa Kinuni

Mama Dorkas alipotamka neno "futa", Majaliwa alilazimika kukohoa ili kicheko kisimtoke.

Alikuwa amepiga magoti chini ya meza, bisibisi mkononi, kompyuta imefunguliwa ubavu mbele yake. Mwenye kompyuta, Mama Dorkas, alikuwa karani wa serikali hadi serikali ilipopunguza watu, akapunguzwa. Kiinua mgongo alikinunulia kompyuta iliyokwisha kuchoka huko Dubai, akaiweka kwenye chumba kimoja jirani na mahakama, hapo Same mjini, akawa mpiga chapa. Hapakuwa na kompyuta nyingine ya kukodi mji mzima. Sasa diski ilikuwa imejaa pomoni, na mpwa wake alikuwa amemletea mpya kutoka Dar es Salaam.

"Hamishia mafaili yote kwenye hii mpya," alisema. "Hiyo ya zamani uifute, isibaki hata nukta. Mna kesi za watu humo, mwanangu. Siku wakisikia siri zao zimetokea kwangu, mimi basi tena. Sina shamba, sina mume, nina mashine hii."

"Mama, mimi ni kaburi," alisema Majaliwa.

Kaburi lenyewe lilizaliwa Kigoma, likakata mkonge miezi miwili kwenye shamba moja la bondeni, likatoroka, likasomea kompyuta Moshi wiki tisa, na sasa lilijitambulisha kama Injinia. Lilikuwa na ndoto moja tu, nayo ni pikipiki ya kuliondoa Same hadi Arusha, ambako wachimba madini wana kompyuta nyingi na maswali machache. Lakini tusimwonee. Diski alizijua kweli.

Hapa yafaa tusimame kidogo, kwa heshima zote, tuelewane kuhusu Upare. Mpare akikosana na jirani hapigani, anashitaki. Atauza dume la ng'ombe ashinde kesi ya jogoo, na akishinda atarudi mlimani akiimba. Kila kesi ya namna hiyo, kutoka Gonja hadi Kihurio, ilipigwa chapa na Mama Dorkas. Diski ile ya zamani, ambayo haikuzidi ukubwa wa kitabu cha nyimbo, ilibeba kila alichopanga mtu kumwambia hakimu kuhusu mwenzake. Na mama wa watu alikuwa anaomba ifutwe, kana kwamba ni ubao wa darasani.

Kunakili kulichukua kutwa nzima, maana umeme ulikatika mara mbili. Mama Dorkas hakunyanyuka kitini. Hata makande aliyalia pale pale, sahani magotini, macho kwa Majaliwa.

"Sasa futa, nione."

Majaliwa akabonyeza bonyeza. Kioo kikawa cheusi, tarakimu zikaanza kukimbia. Zilikuwa tarakimu za kuikagua diski tu, hazifuti hata mkato, ila zilikimbia kwa namna ya kutia hofu. Zilipokoma akasema kwa sauti ya msibani, "Imefutika." Akatia sahihi karatasi aliyoandaliwa: Mimi Majaliwa nimefuta kila kitu.

Mama Dorkas akaikunja karatasi, akaingia uani, akarudi na kinu na mchi.

"Mama, hiyo ya nini?"

"Umeniambia imefutika, nimekusikia. Sasa nataka kujiridhisha mwenyewe. Itoe uitie humu."

Majaliwa alikuwa amekwisha kuiuza kichwani mwake. Lakini kwenye mkoba wake hakukosa diski mfu, aliyoitumia kuwaonyesha wateja ugonjwa ambao kompyuta zao hazikuwa nao. Akageuka kuchukua bisibisi, akainama, akainuka, na iliyotua kinuni ilikuwa ile mfu. Mama Dorkas alitwanga hadi chuma kikapinda, akafuta jasho, akamshukuru Mungu na injinia, kwa mpangilio huo.

Kesho yake Majaliwa alimvizia Mzee Eliufoo wa Maore nje ya mahakama. Mzee huyu alikuwa na kesi ya mfereji wa maji dhidi ya shemeji yake, Erasmo, na sanduku la karatasi za kesi hiyo alilitunza kuliko afya yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Ungependa kujua shemeji yako amepanga kusema nini?"

Mzee Eliufoo akaliweka sanduku chini. Kwa miaka mingi hakuna aliyemwona akiliweka chini.

Waliafikiana haraka. Mzee hakuwa na pesa taslimu, lakini alikuwa na Honda nyekundu, na moyo wa Majaliwa ukaruka. Akaizunguka, akaipiga teke, ikawaka.

"Ila tuandikiane," alisema mzee. "Mimi sinunui hata chumvi bila maandishi."

Majaliwa, pikipiki ikiunguruma mbele yake, angeandika lolote. Akaandika: Mimi Majaliwa nimemuuzia Mzee Eliufoo diski ya Mama Dorkas, ikiwa nzima, haikufutwa. Akatia sahihi ile ile nzuri yenye mkia.

"Wakufungulie Moshi," alimuonya. "Siyo hapa Same, mzee. Moshi."

"Nimesikia," alisema Mzee Eliufoo, na kweli alikuwa amesikia. Lakini Moshi kuna nauli, na Mama Dorkas yuko hatua thelathini. Tena, aliwaza, kitu cha mtu nani atakifungua vizuri kuliko mwenyewe?

Majaliwa alikuwa kituo cha mafuta, ameshaona Arusha kichwani, alipohisi mkono wa mtu kwenye usukani.

"Hii pikipiki umeitoa wapi?" aliuliza mwanamume mwenye bahasha kwapani.

"Nimenunua kwa Mzee Eliufoo."

"Mimi ni Erasmo, shemeji yake. Pikipiki ni yangu, nilimwazima akagoma kurudisha. Mahakama imezuia isiuzwe mpaka kesi iishe. Twende kwa Mama Dorkas tukaandike."

Majaliwa akaizima pikipiki, akaisukuma nyuma ya Erasmo. Aliona aibu kweli, kama mtu aliyeanguka mbele za wakwe.

Kwa Mama Dorkas, Mzee Eliufoo alikuwa ameketi kwenye benchi na diski mapajani. Mama Dorkas alisimama na karatasi mbili, yake na ya mzee, zenye sahihi mbili zinazofanana hadi mkia.

"Umefuta, hukufuta," alisema polepole. "Nichague ipi?"

Majaliwa akamgeukia mzee. "Umenidanganya. Pikipiki ina kesi."

"Hukuuliza kesi. Uliuliza kama inawaka."

"Na hati ya zuio niliichapa mimi," alisema Mama Dorkas. "Imo humo humo kwenye diski. Umeilaza kwako usiku mzima, hukuisoma?"

Erasmo akatoa kalamu, Mzee Eliufoo akafungua sanduku. Kila mmoja alikuwa na shitaka. Mama Dorkas akaweka mkono juu ya mashine.

"Sipigi herufi hata moja mpaka diski hii ifutwe."

"Hicho ni kielelezo changu," alisema Mzee Eliufoo.

"Basi kaandikeni kwa mkono, hakimu awasome kwa kubahatisha."

Mashemeji wakatazamana. Kwenda mahakamani na karatasi isiyopigwa chapa ni sawa na kwenda bila suruali. Kwa mara ya kwanza tangu wauchimbe mfereji ule, walikubaliana.

Majaliwa akafuta, safari hii kweli, watu watatu wakimpumulia shingoni. Mama Dorkas akaifungua diski mwenyewe, akaikuta tupu kama ilivyozaliwa, na machozi yakamlenga. Kisha akafuta macho, akaweka karatasi, akapiga mashitaka matatu dhidi ya Majaliwa, likianza la kwake. Diski mpya ilikwenda kwa kasi ya ajabu. Aliyeifunga alikuwa fundi kweli.

"Na pikipiki yangu?" aliuliza Majaliwa kwa unyonge.

"Itakaa polisi hadi hukumu," alisema Erasmo. "Ukiondoka, umeiacha."

"Sasa mimi nifanye nini?"

"Fungua kesi," walijibu wote watatu kwa pamoja.

Majaliwa aliitazama barabara ya Arusha kupitia mlangoni, akatazama benchi. Mzee Eliufoo akajisogeza kumpa nafasi, bila kinyongo hata kidogo.

"Kaa, bwana mdogo," alisema. "Ya kwangu inaingia mwaka wa kumi na moja, na bado hatujafika kwenye mashahidi."