Hotuba ya Katiba Dhidi ya Kiboko

Benchi la nje ya kibanda cha kinyozi lina nafasi ya watu wawili na sisi huwa watatu, kwa hiyo anayechelewa hukalia ndoo. Juzi ndoo iliniangukia mimi, fundi redio, na sikuwa na raha nayo. Wembe, kinyozi wetu, alikuwa anatusomea gazeti huku mteja wake kabaki na ndevu upande mmoja.

"Sikilizeni dunia. Katuni ya kiboko anayejamba yagawa wazazi. Nchi moja wamempenda mpaka wametengeneza mdoli wake, ukimminya tumbo anaachia. Nchi ya pili wamemfungia kabisa. Ya tatu wamemwacha, ila sauti ya ushuzi wameitoa, wameweka tarumbeta."

"Hao wa tatu ndio wameharibu," nikasema. "Sasa bendi ya polisi ikipita kwenye gwaride, watoto wao wanaziba pua."

Kila mtu akacheka isipokuwa Katiba. Huyu ni fundi cherehani, na jina amelipata kwa kupenda vifungu. Suruali ikikubana atakutajia kanuni uliyovunja. Akatoa karatasi mfukoni.

"Chekeni tu. Kiboko huyohuyo yumo kwenye televisheni ya darasa la binti yangu. Leo saa nane kuna kikao cha wazazi, na msemaji ni mimi. Namng'oa."

"Kakukosea nini?" akauliza Sindano, nesi wa zahanati, aliyekuwa ametoka zamu. "Mimi kutwa nauliza watu wazima, umepata choo? Mtu ana shahada mbili, ananijibu kwa kutazama dari. Afadhali mtoto anayejua kusema."

"Dada, kwenu mlilelewa hivyo. Kwetu baba akikohoa, hata paka anakaa vizuri. Maneno ya chooni yanabaki chooni."

"Haya, tusomee hiyo hotuba," Wembe akasema, mashine iko hewani.

Katiba akasimama, akajikohoza.

"Ndugu wazazi. Wahenga walituachia lugha safi. Leo mtoto wangu akijamba mezani ni utovu wa adabu, kiboko akijamba kwenye televisheni ni sanaa. Ndiyo yale ya kunya anye kuku, akinya bata kaharisha."

Mteja mwenye ndevu nusu akaanza kutikisika ndani ya kitambaa.

"Endelea," Sindano akasema, macho chini.

"Tena tusiwasingizie wageni, televisheni tunawasha wenyewe. Nyani haoni kundule."

"Kundule ndiyo nini, kaka Katiba?" Sindano akauliza.

"Kundu lake."

"Nimesikia. Nilitaka na mteja asikie."

"Na asitokee mtu wa kufukua niliyoyafanya mimi nikiwa mdogo. Mavi ya kale hayanuki."

Wembe akaizima mashine. "Mzee wangu, kiboko anajamba mara ngapi katuni nzima?"

"Mara mbili."

"Wewe umeshatoa kuku, bata, nyani na mavi, na hujafika ukurasa wa pili."

"Hizo ni methali. Ni hekima."

"Basi na kiboko aanze na wahenga walisema," nikamwambia, "halafu ndipo aachie."

Katiba akakaa, akaomba kalamu, akaanza kukata. Alipomaliza, hotuba ilikuwa imebaki "Ndugu wazazi" na "asanteni kwa kunisikiliza". Tukacheka mpaka machozi, lakini yeye akaikunja karatasi taratibu.

"Mnadhani nina ugomvi na kiboko," akasema. "Yule mtoto akimtazama anacheka mpaka analala sakafuni. Nikiingia mimi, anazima, anakaa wima utadhani kaitwa kwa mwalimu mkuu. Ana miaka saba, sijawahi kumchekesha hata siku moja. Namwonea wivu mnyama wa kuchorwa."

Hapo utani ulituishia. Nilimwonea huruma kweli, maana nami nina watoto. Sindano ndiye aliyemwambia muda wa kuandika nyingine haupo, aende na hiyohiyo na asome hata vifungu alivyovikata.

Saa kumi na moja akarudi, shati limelowa jasho, akakaa bila salamu.

"Enhe?" Wembe akauliza.

"Watoto walijazana madirishani. Nilipofika kwa bata, binti yangu alianguka chini kwa kicheko. Akawatangazia wenzake, yule ni baba yangu. Kwa nyani, mwalimu mkuu akatoka nje na leso mdomoni. Ya tatu sikuifikia, lakini tukirudi nyumbani mtoto kanishika mkono, ananiuliza kama kuna nyingine. Nikampa. Kairudia njia nzima."

"Na kura je?"

"Wamepiga. Kiboko anabaki." Katiba akanyoosha miguu, anatabasamu peke yake. "Niliyefungiwa ni mimi. Kamati imeandika kabisa, nisipewe tena kipaza sauti mbele ya watoto."